Semina za Idara na Mihadhara ya Wageni: Idara ya Biolojia Ichague Ipi?

Kila mwanzo wa muhula, mhadhiri aliyekabidhiwa uratibu wa semina katika idara ya biolojia hurudiwa na swali lile lile. Ratiba imemwachia alasiri moja ya juma isiyo na vipindi vya maabara, na ni lazima aamue aijaze vipi: kwa semina za ndani, ambamo wanafunzi na wahadhiri wa idara hujadili makala za utafiti na kazi zao wenyewe, au kwa mihadhara ya wageni wanaoalikwa kutoka taasisi za utafiti, hifadhi za wanyama, hospitali na vyuo vingine. Nimeifanya kazi hii katika vyuo viwili, kimoja chenye fedha kiasi na kingine kisicho nazo kabisa, na maoni yangu nayatanguliza ili msomaji ajue ninakoelekea. Idara inayolazimika kuchagua kimoja tu ichague semina. Idara yenye uwezo wa kufanya vyote viwili ihakikishe kwamba hakuna mgeni anayesimama mbele ya wanafunzi ambao hawajasoma hata ukurasa mmoja wa kazi yake.

Inafaa tuelewane kwanza juu ya majina, kwa sababu neno semina limebebeshwa mambo mengi katika mazingira yetu. Kwa watumishi wengi wa umma, semina ni mafunzo ya siku mbili au tatu yenye posho. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, semina ni kile kipindi cha makundi madogo kinachofuata mhadhara wa kozi. Ninayoizungumzia hapa ni ya namna ya tatu: kikao cha kila juma cha idara, chenye mtoa mada mmoja, makala moja au seti moja ya takwimu, na watu kati ya kumi na thelathini waliokwisha kuisoma kabla ya kuingia chumbani. Mhadhara wa mgeni nao ni ule ambao mtu wa nje anakuja, anatambulishwa, anazungumza kwa dakika 45 au saa nzima, anaulizwa maswali, anashukuriwa na kuondoka.

Chura mmoja, vikao viwili

Tofauti ya vikao hivi huonekana vizuri zaidi mada inapokuwa moja, na kwa idara ya biolojia ya Tanzania sijui mada inayofaa kuliko chura wa Kihansi. Chura huyu wa rangi ya manjano, ambaye hafiki urefu wa sentimita tatu na ambaye huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, wakati wa kazi za mazingira za mradi wa umeme wa maji. Makazi yake yote duniani yalikuwa takriban hekta mbili za uoto uliokuwa ukilowanishwa saa zote na manyunyu ya maporomoko. Bwawa lilipoanza kufanya kazi, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua mno. Vinyunyizio vya kutengenezwa vikawekwa, na makadirio ya idadi ya vyura yakapanda hadi karibu 20,000 katikati ya mwaka 2003. Kisha, ndani ya miezi michache, wakaporomoka kiasi kwamba mwanzoni mwa mwaka 2004 walioonekana walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kizazi chake kiliokoka kwa sababu vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000, wakalelewa katika bustani za wanyama, na mwaka 2010 baadhi ya uzao wao ukarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili uandaliwe kurejea korongoni, jambo lililoanza kutekelezwa mwaka 2012.

Semina ikilishika jambo hili, hulishika mahali penye ubishi: ni nini hasa kilichowaangamiza vyura katika nusu ya pili ya mwaka 2003? Ukungu wa kitridi, yaani aina ya kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura na ambao umeua spishi nyingi katika mabara kadhaa, uligunduliwa katika mizoga yao. Kipindi hicho hicho lango la bwawa lilifunguliwa kwa muda mfupi ili kusukuma tope, na tope hilo lilikuwa na mabaki ya viuatilifu kutoka mashamba ya mahindi yaliyoko juu ya mto. Kipindi hicho hicho, tena, mfumo wa vinyunyizio ulipata hitilafu wakati wa kiangazi. Mambo matatu yametukia kwa pamoja, na hakuna korongo la pili lenye vyura wale wale ambalo lingetumika kulinganishia. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kila tokeo lina sababu yake moja, na kwamba sababu hiyo huandikwa chini ya ukurasa wa kitabu, anakutana hapo kwa mara ya kwanza na biolojia ilivyo kazini.

Nakumbuka kikao kimoja ambacho tulikuwa na grafu moja tu mezani, imechapwa kwenye karatasi na kugawiwa watu kumi na wanane. Mstari unapanda, unafika kilele, unaanguka. Mtoa mada alikuwa ameshaanza kueleza habari za ukungu, pale mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti aliyekuwa amekaa karibu na mlango na ambaye hakuwa amefungua kinywa katika semina tatu zilizotangulia, alipouliza kama namba za upande wa kushoto wa grafu ni vyura walioonekana au ni vyura waliokadiriwa kutokana na wachache walioonekana. Mtoa mada alisita. Tulirudi kwenye sehemu ya mbinu, tukaisoma kwa sauti aya baada ya aya, tukajadili namna watu wanavyohesabu viumbe wadogo kuliko kidole gumba ndani ya majani yaliyolowa, tukauliza kama hesabu ya msimu wa mvua inaweza kusimama kando ya hesabu ya kiangazi. Dakika arobaini zilikwisha na hatukufika kwenye ukungu. Hata hivyo, kwa kipimo changu, hicho ndicho kikao kilichofaulu kuliko vyote vya muhula ule, kwa sababu kuanzia siku hiyo hakuna mwanafunzi katika kundi lile aliyepitisha grafu bila kuuliza mihimili yake inapima nini.

Mgeni hulishika jambo lile lile kwa mkono mwingine. Mtu aliyewahi kuwalea vyura hawa hatakuja kubishana juu ya mihimili ya grafu. Atakuja kueleza namna unavyolea mnyama ambaye maisha yake yote yalitegemea manyunyu ya maporomoko, namna ya kumpa unyevu bila kumwozesha, na namna ya kumtafutia wadudu wadogo wanaoenea kinywani mwake. Ataeleza hofu ya kuwafungulia mlango wa kisanduku mahali ambapo ndugu zao walikufa wote. Mambo hayo hayaandikwi katika makala za majarida, au yakiandikwa hufupishwa katika sentensi mbili za sehemu ya mbinu. Mwanafunzi hutoka hapo akiwa ameona kwamba nyuma ya kila namba kuna mtu aliyelowa, na baadhi yao huamua siku hiyo hiyo kwamba na wao watakuwa watu hao.

Kwa hiyo nikiulizwa kipi kinafundisha zaidi, jibu langu hutegemea maana ya kufundisha. Semina hujenga uwezo wa kupima madai. Mhadhara wa mgeni hujenga hamu ya kuendelea. Hamu hupatikana pia kwa njia nyingine, maana mwanafunzi anaweza kuipata kwa mwalimu wake wa kidato cha nne au kwa kutembelea hifadhi. Uwezo wa kupima madai, kwa jinsi nilivyoona, haupatikani kwingine ila kwa kukaa mezani mara nyingi na watu wanaouliza. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuiweka semina mbele.

Kalamu chumbani

Historia ya biolojia ina mfano ambao huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. James Watson, mmoja wa wanasayansi waliokuja kutambua umbo la DNA, molekuli inayobeba urithi, akiwa kijana wa miaka 23, alihudhuria mkutano katika kituo cha utafiti wa viumbe wa baharini cha Napoli, Italia, katika majira ya machipuo ya mwaka 1951, na humo akamsikia Maurice Wilkins aliyekuja kutoka London akionyesha picha ya DNA iliyopigwa kwa miale ya eksirei. Picha ile ilimwonyesha kwamba molekuli hiyo ina mpangilio unaoweza kutafutwa, na shauku iliyomwingia siku hiyo ndiyo iliyompeleka Cambridge. Hiyo ni kazi ya mhadhara wa mgeni ikiwa imefanyika kwa ukamilifu wake.

Novemba ya mwaka huo huo Watson alikwenda King's College, London, kumsikiliza Rosalind Franklin akiwasilisha matokeo yake katika kikao cha ndani cha maabara. Franklin alitoa vipimo, kikiwamo kiasi cha maji kilichomo katika DNA. Watson hakuandika chochote. Aliporudi Cambridge alimsimulia mtafiti mwenzake Francis Crick kwa kumbukumbu tu, kiasi cha maji akakikosea, na kwa siku chache wakaunda modeli yenye nyuzi tatu ambayo fosfeti zake zilikuwa zimewekwa katikati. Franklin na wenzake walialikwa kuitazama, naye akaona kosa papo hapo: modeli ile haikuwa na nafasi ya maji aliyoyapima. Ikaachwa, na modeli sahihi ya nyuzi mbili haikupatikana hadi mwaka 1953.

Ninachokichukua katika kisa hiki ni jambo la utaratibu. Katika mhadhara wa mgeni, msikilizaji anaweza kukaa bila kalamu na bado akaondoka na kitu cha thamani, kwa sababu thamani yake iko katika mwelekeo. Katika semina, anayekaa bila kalamu huondoka na kosa. Mratibu anayechagua semina ajue kwamba amechagua pia kazi ya kuwafundisha wanafunzi kuandika wanachosikia, kuanzia vipimo na vizio vyake hadi idadi ya sampuli, na kazi hiyo huchukua muhula mzima kabla haijazoeleka. Mimi huwapa karatasi yenye nafasi nne tu: swali la utafiti, mbinu, namba tatu muhimu, na jambo moja ambalo hawakuliamini. Nafasi ya nne ndiyo huchelewa kujazwa.

Mgeni asiye na slaidi

Tumezoea kudhani kwamba mgeni wa idara ya biolojia ni lazima awe na shahada ya uzamivu. Mgeni aliyewashika wanafunzi wangu kuliko wote hakuwa nayo. Alikuwa mvuvi mzee kutoka pwani ya Tanga. Tulimwalika kwa sababu ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye wanasayansi waliamini kuwa aliangamia pamoja na dinosaria hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye kuanzia miaka ya mwanzoni mwa karne hii alianza kunaswa mara kwa mara katika nyavu za wavuvi wa Tanga, jambo lililochangia kuanzishwa kwa hifadhi ya bahari yenye jina lake huko.

Mzee huyo alikuja na kipande cha jarife kilichokunjwa ndani ya mfuko wa saruji. Alikitandaza juu ya meza ya maabara, akaingiza kiganja chake chote ndani ya jicho moja la wavu, akawaambia wanafunzi kwamba jarife hutegwa kwa ajili ya papa, na kwamba wavuvi walipoanza kulishusha kwenye maji marefu zaidi kwa sababu papa wa juu walikuwa wamepungua, ndipo samaki huyu asiye na soko alipoanza kupanda nalo. Katika maelezo hayo ya dakika tano kulikuwa na ikolojia, uchumi na uhifadhi kwa pamoja, na yalieleza kwa nini kiumbe aliyeishi chini kwa mamilioni ya miaka aonekane ghafla katika muongo mmoja. Wanafunzi waliuliza maswali kwa saa moja na nusu: huliwa? ana mafuta? huwa hai anapofika juu? hupandia upande gani wa wavu? Nililazimika kufunga kikao kwa sababu basi la mzee lilikuwa linakaribia kuondoka.

Maswali yale yaliulizwa kwa Kiswahili, na hapa nagusa jambo ambalo naliona kuwa na uzito kuliko fedha na kuliko ukumbi. Mihadhara mingi ya wageni katika vyuo vyetu hutolewa kwa Kiingereza, na mwanafunzi mwenye swali zuri huanza kulitunga upya kichwani kwa lugha hiyo, akihofia kukosea mbele ya mgeni na mbele ya wenzake mia mbili, hadi muda wa maswali unakwisha naye bado amekaa nalo. Semina ya watu ishirini hupunguza hofu hiyo kwa sababu ya udogo wake. Mhadhara wa mgeni huizidisha kwa sababu ya ukubwa wake, isipokuwa mwenyekiti atangaze tangu mwanzo kwamba maswali yanapokelewa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili, kisha yeye mwenyewe afanye kazi ya kutafsiri. Istilahi tunazo: seli, jeni, usanisinuru, mfumoikolojia, vimelea, uteuzi asilia. Pasipo na istilahi, neno la kigeni lenye matamshi ya Kiswahili linatosha, na hakuna mgeni niliyewahi kumwona akikerwa na hilo. Wageni kutoka nje hufurahi wanapogundua kwamba ukimya wa ukumbi haukuwa kutojali.

Mhadhara unaopita bure

Nimeona pia mihadhara ya wageni ambayo ingekuwa afadhali isifanyike. Katika chuo kimoja tulimpata mtafiti mashuhuri wa mbu aliyekuwa akipita nchini kwa shughuli zake. Ukumbi wa viti mia mbili ulijaa, kwa kuwa wanafunzi waliambiwa kwamba karatasi ya mahudhurio itahesabiwa katika alama za kazi za muhula. Mgeni alizungumza kwa saa nzima juu ya jeni za ukinzani dhidi ya viuatilifu, akiwa na slaidi nyingi kupita kiasi, na kila slaidi ilichukulia kwamba msikilizaji anajua iliyotangulia. Muda wa maswali ulipofika hakuna mkono ulioinuka. Mwenyekiti aliuliza swali moja la heshima, mgeni akalijibu, makofi yakapigwa, karatasi ya mahudhurio ikakusanywa. Mgeni hakuwa na kosa, na wanafunzi hawakuwa na kosa. Sisi tulioandaa ndio tulioleta mhadhara mahali ambapo haukuwa umetayarishiwa udongo.

Muhula uliofuata tulimpata mzungumzaji mwingine juu ya mada ya jirani, mtafiti kijana aliyefanya kazi zake katika bonde la Kilombero. Safari hii tulitumia semina ya juma lililotangulia kusoma makala moja inayoonyesha kwamba mbu aina ya Anopheles funestus, ingawa mara nyingi ndiye anayenaswa kwa uchache, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria katika bonde hilo. Wanafunzi waliingia ukumbini wakiwa na swali moja lililowachoma: inakuwaje aliye mchache awe ndiye wa hatari zaidi? Mgeni aliacha slaidi zake mapema ili alijibu, akieleza juu ya mbu anayependelea damu ya binadamu, anayeishi muda wa kutosha kwa vimelea kukomaa ndani yake na anayevumilia viuatilifu vingi. Na kutoka hapo mazungumzo yakaenda kwenye mabwawa anamozaliana, ambayo ni machache na yanajulikana, na kwa hiyo yanaweza kushughulikiwa. Hawa hawakusaini karatasi yoyote. Walikuwa sitini, na nadhani wote sitini wanakumbuka hadi leo.

Gharama

Kwa upande wa fedha maelezo ni mafupi. Semina hugharimu karatasi za kuchapia na chai, na hata chai si lazima. Gharama yake halisi ni saa za wahadhiri, kwa sababu semina ambayo wahadhiri wawili au watatu hawajaisomea makala hugeuka kuwa zoezi la mwanafunzi kusoma slaidi zake kwa sauti mbele ya wenzake. Mkuu wa idara asiyeweza kuwaahidi wahadhiri kwamba muda huo utahesabiwa katika mzigo wao wa kazi asianzishe semina ya kila juma. Aanze na ya kila wiki mbili.

Mgeni hugharimu nauli, malazi na posho, na katika chuo cha umma maana yake ni dokezo sabili, idhini ya kasma, masurufu na marejesho yake, mlolongo ambao unaweza kuchukua wiki kadhaa kwa mhadhara wa saa moja. Ndiyo maana nashauri idara itazame kwanza wageni walio umbali wa daladala. Chuo kilichoko Mtwara kina kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, wanakojua korosho kuliko karibu mahali pengine popote. Mwanza kuna watafiti wa samaki wa Ziwa Victoria, ambao wanaweza kuzungumza juu ya sangara na kupungua kwa furu kwa vielelezo walivyovitoa wenyewe majini. Muheza kuna kituo cha Amani cha utafiti wa magonjwa, Arusha kuna watafiti wa wanyamapori, Kilifi na Mombasa kwa wenzetu wa Kenya kuna wa malaria na wa bahari. Aidha, watafiti wa kigeni wanaofanya kazi Tanzania kwa kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, huwa na mtafiti mwenyeji wanayeshirikiana naye, na kumwomba mwenyeji huyo amlete mgeni wake kwa saa mbili, akiwa njiani kwenda au kutoka maporini, ni jambo ambalo mara nyingi hukubaliwa bila gharama yoyote.

Mhadhara wa mgeni kwa njia ya intaneti umekuwa wa kawaida tangu mwaka 2020, na unaondoa nauli. Naukubali kwa mgeni ambaye makala yake imesomwa na ambaye anakuja kujibu maswali. Kwa mgeni wa kuamsha shauku siupendekezi, kwa kuwa uso mdogo kwenye ukuta, sauti inayokatika na umeme usio na uhakika huondoa kile hasa alichoalikiwa, na jarife halitandazwi juu ya meza kupitia skrini.

Nani aende wapi

Si wanafunzi wote wanaohitaji kitu kimoja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye bado anajitafuta kati ya biolojia na kozi nyingine, hunufaika zaidi na mgeni, hasa mgeni ambaye njia yake ya maisha inafanana na ya msikilizaji: aliyesoma shule ya kata, aliyeanza akiwa fundi wa maabara, au mwanamke aliyefanya utafiti wa msituni akiwa na mtoto mdogo. Wasichana katika idara yangu walianza kuomba nafasi za mafunzo ya vitendo hifadhini baada ya kumsikia mwanamke mmoja mhifadhi akieleza, bila kupamba, namna anavyoishi kambini. Semina isingeweza kufanya hivyo hata ingekaa mwaka mzima. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeandika pendekezo la utafiti, na yule wa uzamili, wanahitaji semina kama mkulima anavyohitaji jembe, kwa sababu makosa ya mbinu wanayoweza kuyaona katika kazi ya mtu mwingine ndiyo watakayoyaepuka katika kazi yao. Mwaka wa pili uko katikati, na hao mimi huwaruhusu kuingia semina bila kulazimishwa kuwasilisha. Yule binti wa grafu alikuwa mmoja wao.

Kwa idara yenye wiki kumi na mbili zinazotumika, mpango ambao umenifaa ni semina tisa na wageni watatu, kila mgeni akitanguliwa na semina ya makala yake au, ikiwa hana makala, ya makala inayogusa kazi yake. Kwa mvuvi wa Tanga tulisoma juu ya vina ambavyo silikanti huishi, na ndiyo sababu maswali juu ya jarife yalifika mbali. Mgeni wa kwanza asije kabla ya wiki ya nne, ili semina ziwe zimekwisha kuwazoesha wanafunzi kuuliza. Mgeni wa mwisho asije katika wiki ya kabla ya mitihani. Asiyeweza kupata wageni watatu apate mmoja na amwandalie vizuri, na asiyeweza kupata hata mmoja aendelee na semina zake bila kujiona amepungukiwa.

Barua ya mwaliko nayo ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Yangu humweleza mgeni mambo manne ambayo wengi wamenishukuru kwayo: kwamba wanafunzi watakuwa wamesoma kazi yake, na ni ipi, kwamba azungumze dakika thelathini na kuacha thelathini kwa maswali ya Kiswahili au Kiingereza, kwamba nauli itakuwa kiasi fulani na italipwa siku fulani, bila ahadi ambayo idara haiwezi kuitimiza, na kwamba baada ya ukumbi tunamwomba abaki saa moja zaidi, mezani, kwa chai na wanafunzi watano au sita waliochaguliwa kwa sababu maswali yao ya semina ya juma lililopita hayakupata jibu. Kwenye saa hiyo wahadhiri hatukai. Tunafunga mlango na kuwaachia birika.